Macho yanauma? Usiilaumu simu peke yake

Jana usiku uliweka simu chini saa ngapi? Usinidanganye. Taa zimezimwa, wenzako wanakoroma, nawe uko chini ya blanketi, video moja inafuata nyingine, jicho moja umelifumba kwa sababu ukifungua yote mawili maandishi yanacheza. Asubuhi kichwa kinagonga na macho ni mekundu. Mama akikuona tu anasema, "Ni hiyo simu. Itakupofusha!"

Mama ana nusu ya ukweli. Nusu ile nyingine ndiyo ilinichelewesha mimi miaka kadhaa, kwa hivyo tulia nikupe stori.

Nilipokuwa chuoni, maandishi ya projekta yalikuwa na kivuli. Tatu nilikuwa naiona kama nane. Nikisoma nusu saa hivi, paji la uso linaanza kuuma, nameza dawa ya kichwa na kufunga kitabu. Nikajiambia basi, mimi si mtu wa vitabu. Kila aliyeniona alisema simu ndiyo imeniharibu, nami nikakubali. Niliacha chuo kwa sababu nyingi, karo ikiwemo, na sitayasingizia macho kwa kila kitu. Lakini siku nilipopimwa hatimaye, mpimaji aliniwekea lenzi fulani mbele ya jicho, akaizungusha kidogo, akasema, "Soma." Nikasoma mstari wa chini kabisa. Halafu nikanyamaza. Miaka hiyo yote nilidhani sina akili, kumbe sina miwani.

Tatizo langu linaitwa astigmatizimu. Sehemu ya mbele ya jicho, ile angavu kama kioo, inaitwa konea. Kwa kawaida imeviringana sawasawa kama mpira wa kandanda. Kwa mwenye astigmatizimu, imepinda zaidi upande mmoja, kama mpira wa raga wanaoucheza Shujaa. Mwanga ukiingia haukutani mahali pamoja, ndiyo maana herufi zinakuwa na kivuli, na usiku taa za magari Thika Road zinachora mistari mirefu kama nyota zilizopasuka.

Na sasa sikiliza vizuri: simu haikukupa hiyo. Wengi wetu tumezaliwa nayo au tumekua nayo. Mwanasayansi Thomas Young aliieleza mwaka 1801 kule Uingereza, baada ya kupima jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwenzake, George Airy, akatafuta lenzi maalum ya kurekebisha jicho lake. Wakati huo hata balbu ya umeme ya nyumbani haikuwepo, sembuse TikTok.

Basi simu inafanya nini? Mambo matatu.

Kwanza, inakusahaulisha kupepesa macho. Mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini idadi hiyo inashuka hadi nusu au hata chini zaidi. Machozi yanakauka, jicho linawasha, nawe unalifikicha. Hapo ndipo kuna hatari ya kweli. Kufikicha macho kwa nguvu kila mara kunahusishwa na ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka mbele, na huo huleta astigmatizimu mbaya zaidi. Yakiwasha, tumia kitambaa safi chenye maji baridi. Yasipotulia, nenda yaangaliwe.

Pili, inachosha misuli. Ndani ya jicho kuna msuli unaojikaza ili uone kitu cha karibu. Ukiushikilia saa nne mfululizo ni kama kubeba debe la maji bila kulitua. Na kama tayari una astigmatizimu usiyoijua, jicho linahangaika kutafuta picha safi isiyopatikana. Ndiyo maana wawili mnaweza kutazama filamu ileile, mwenzako akalala fiti nawe ukalala na kichwa kinachopasuka. Hata ule mtindo wa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ambao tunauona wa kisasa, huwasumbua wengi wenye astigmatizimu, kwa sababu gizani mboni hupanuka na ukungu unaongezeka. Jaribu maandishi meusi kwenye mandhari meupe, upunguze mwanga, uone tofauti.

Tatu, na hili linamhusu mdogo wako anayekuomba simu kila jioni: kutazama vitu vya karibu muda mrefu na kutotoka nje kunahusishwa na tatizo la kutoona mbali kwa watoto. Taiwan waliliona mapema, na tangu 2010 shule zao zinahimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku. Kwa hivyo ukimwambia atoke akacheze, hujamwonea.

Sasa pesa. Katikati ya jiji kuna wachuuzi wa miwani ya "kuzuia mwanga wa samawati wa simu". Mimi nilinunua, nikapiga nayo selfi, kichwa kikaendelea kuuma. Mwaka 2023, watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 17 kuhusu lenzi hizo, na hawakuona dalili kuwa zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Hata ile miwani ya kusomea inayouzwa tayari haitakusaidia, kwa sababu haina kipimo cha astigmatizimu. Kwenye karatasi ya vipimo, kipimo hicho huandikwa chini ya CYL na AXIS. Kila jicho lina mpindo wake na upande wake, kwa hivyo miwani ya rafiki pia iache.

Hebu jipime kidogo sasa hivi. Chora kwenye karatasi mistari inayotoka katikati kama miale ya jua, yote ya unene mmoja. Funika jicho moja, tazama, kisha badilisha. Kama baadhi ya mistari inaonekana mieusi zaidi kuliko mingine, nenda kapimwe. Kama yote iko sawa lakini kichwa bado kinauma, nenda pia, kwa sababu karatasi si daktari. Kwa wa Nairobi na viungani, hospitali ya PCEA Kikuyu na ile ya Lions kule Loresho zinajulikana kwa macho. Uliza bei ya kupimwa na bei ya miwani kila moja kivyake, na usiondoke bila ile karatasi ya vipimo. Ni yako, unaweza kutengenezea miwani popote.

Huku ukijipanga, kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Dirishani, barabarani, popote. Pepesa makusudi.

Na kama una ndugu aliyeambiwa shuleni kuwa ni mvivu au hashiki masomo, muulize swali moja kabla hamjamnyang'anya simu: ubaoni unaona nini?