Kumtaja Asiye na Jina: Vidahizo vya Wasiotajwa katika Kamusi Elezo na Funzo la Habari za Kilwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuunda kidahizo cha mtu au jengo ambalo matini hazikulitaja kwa jina. Kwa kutumia habari za Kilwa Kisiwani, yanadai kuwa kidahizo cha aina hiyo hakina budi kubaki kirai cha maelezo kinachotambulika kuwa ni maelezo, na kwamba sarufi ya Kiswahili inatupa nyenzo za kufanya hivyo.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa kamusi elezo huanza na kidahizo. Tatizo la kukosa jina linafahamika vyema kwa washabiki wanaoandika kamusi elezo za filamu na riwaya: mhusika ameonekana, ametenda, lakini hakutajwa. Wookieepedia, kamusi elezo ya washabiki wa Star Wars, hukiwekea kidahizo kama hicho alama ya kumjulisha msomaji kwamba jina ni la kukisia. Kwa ulimwengu wa kubuni, alama hiyo yatosha. Kwa historia ya pwani yetu haitoshi, kwa sababu jina lililokisiwa leo laweza kesho kunukuliwa kama jina la kale, na alama ikaachwa njiani.

2.0 Matini Tatu za Kilwa

Habari za mwanzo wa usultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia tatu kuu: tarihi ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, iliyochapishwa na Strong mwaka 1895, muhtasari wa Kireno wa João de Barros wa mwaka 1552, na masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Velten mwaka 1907. Zote zinaeleza kuwa mgeni alikipata kisiwa kwa kutoa nguo. Zinatofautiana katika kutaja watu. Katika tarihi ya Kiarabu, aliyekitoa kisiwa hana jina. Ni kafiri, mtu wa Muli. Katika masimulizi ya Kiswahili ana jina na asili: ni Mrimba, Mmachinga.

Mwandishi wa kamusi elezo anayeandika kidahizo “Mfalme Kafiri” hajaziba pengo tu. Amechukua lugha ya upande mmoja wa biashara ile na kuigeuza kuwa jina la upande wa pili. Tena ameacha jina ambalo wenyeji wanalo. Kanuni ya kwanza, basi, ni kuuliza: hana jina katika matini ipi?

Masimulizi ya Kiswahili yanatupa pia mfano wa uaminifu. Msimulizi anamtaja Fatima, mtoto wa Sultani Ali bin Selimani, kisha anakiri kuwa majina ya watoto wengine hayajulikani. Hakuwabunia, wala hakuwafuta. Kukiri huko ni sehemu ya maarifa, na makala ya kamusi elezo yapaswa kukuhifadhi.

3.0 Binti wa Mrimba

Mfano mzito zaidi ni wa mwanamke. Masimulizi yanasema Sultani Ali alimwoa binti wa Mrimba, wakamzaa Muhamadi. Kijana alipokua alimwendea babu yake, naye babu akamkabidhi madaraka. Haki ya kutawala, kwa mujibu wa simulizi hili, ilipita kwa mwanamke huyu. Naye ndiye asiyetajwa jina.

Tumwandikeje? Kuna virai vitatu: “mke wa Sultani Ali”, “mama wa Sultani Muhamadi” na “binti wa Mrimba”. Vyote vinamrejelea mtu mmoja na vyote ni kweli, lakini kila kimoja kinamweka mahali pake. Cha kwanza kinamfanya sehemu ya habari za mgeni. Cha pili kinamtazama kwa yule aliyemzaa. Cha tatu kinaonyesha uhusiano ambao bila huo makabidhiano ya madaraka hayaeleweki. Kwa hiyo ndicho kinachofaa kuwa kidahizo. Vingine viwili viwe viingizo vya kumwelekeza msomaji huko.

Hapa kiunganifu “wa” kina kazi kubwa. Katika pwani, “Binti Mrimba”, bila kiunganifu, ni muundo wa jina: ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima, na ndivyo majina kama Siti binti Saad yanavyojengwa. “Binti wa Mrimba” ni kirai cha maelezo. Mwandishi akiondoa silabi hiyo moja amempa mtu jina ambalo simulizi halikumpa.

4.0 Maelezo Yanapoganda

Magofu ya Kilwa yanaonyesha mwisho wa mwendo huu. “Husuni Kubwa” ni maelezo yaliyoganda: nomino yenye asili ya Kiarabu yenye maana ya ngome, pamoja na kivumishi cha ukubwa. Leo hatuwezi kusema “Husuni Kubwa Sana” tukabaki na jina lile lile, wala kuliweka katika wingi. Hicho ni kipimo kizuri: kirai kinachokataa kuongezewa neno kimekwisha kuwa nomino ya pekee. Nalo jina lilipoganda liliganda na maana yake. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick ulionyesha kuwa jengo lile la karne ya 14 lilikuwa kasri, si ngome. Jina limebaki kusema vingine.

5.0 Hitimisho

Asiye na jina aandikiwe kidahizo cha maelezo chenye kiunganifu, kisicho na herufi kubwa isipokuwa mwanzoni na katika majina halisi yaliyomo. Sentensi ya kwanza ya makala iseme ni matini ipi iliyomnyamazia. Maelezo yachaguliwe kutokana na kile mtu alichofanya au alichopitisha katika simulizi, si kutokana na aliyepata nafasi ya kuandika. Jina likipatikana siku moja katika hati au kinywani mwa mzee wa Lindi, litakuta nafasi yake iko wazi.