Kivumbasi Mlangoni

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya mmea mdogo ambao kila mtu wa Handeni na Korogwe aujua, wala hakuna autafutaye dukani, kwa kuwa waota wenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Ndio kivumbasi.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani na nanaa. Ukilisugua jani lake vidoleni, harufu kali hupanda puani mara moja. Harufu hiyo ndiyo silaha yake, maana wadudu hawaipendi. Hata Ulaya iko nanaa ya namna hii. Jina lake la Kilatini, Mentha pulegium, latokana na neno la kiroboto, kwa sababu watu wa kale waliitumia kufukuza viroboto nyumbani. Basi hekima ya bibi zetu na ya bibi zao ni moja.

Kukipanda si kazi ngumu. Chuma mashuke yaliyokauka, yapukuse kwa viganja upate mbegu, nazo ni ndogo sana. Mwanzo wa vuli au wa masika, tengeneza tuta la udongo laini, nyunyiza mbegu, uzifunike kwa udongo haba tu, kwani mbegu ndogo ikizikwa chini sana haioti. Miche ikipata majani sita, ihamishe, kila mmoja mbali na mwenziwe kadiri ya mkono mmoja. Kivumbasi chapenda jua, chachukia maji yaliyotuama. Kikianza kutoa maua, kata vichwa vyake ili kizidi kutoa matawi, lakini acha shina moja lizae mbegu za mwaka ujao. Panda kila upande wa mlango na chini ya madirisha ya chumba cha kulala. Mahali ambapo maji huchotwa mbali, maji yaliyooshea mboga yatosha kukinywesha.

Matumizi yake ni haya. Kwanza, jioni chuma matawi mabichi, yapondeponde kidogo ili harufu itoke, uyatundike mlangoni na karibu na kitanda. Pili, wengine huyaweka majani juu ya makaa, na moshi wake hufukuza mbu. Lakini usifukize chumba alalamo mtoto mchanga. Tatu, majani yaliyokaushwa kivulini huchanganywa na maharagwe au kunde ili kupunguza fukusi.

Tena lipo onyo. Usidhani kwamba jani likifaa kidogo, mafuta yake yatafaa zaidi tumboni. Mwaka 1978, huko Colorado, Marekani, msichana mjamzito wa miaka 18 alikunywa mafuta ya ile nanaa ya viroboto, akafa. Kivumbasi si mmea ule, lakini funzo ni moja: mwenye mimba na mtoto mdogo wasinyweshwe mafuta wala maji mazito ya majani yenye harufu kali.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa kijana, nyumba yetu ilizungukwa na kivumbasi. Mama alijivunia bustani yake, nasi tuliamini kwamba mbu hawezi kuingia. Chandarua tulikuwa nacho, ila kilikunjwa sandukuni kungoja wageni. Wakati wa masika mdogo wangu wa kike akashikwa na homa. Siku ya kwanza tulimfukiza majani, jasho likamtoka, tukasema amepona. Usiku wa pili macho yakamgeuka, mwili ukakakamaa. Majirani wakaja mbio, wakasema, "Hii ni degedege. Msimpeleke hospitali, mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa." Baba akasita mpaka kulipopambazuka, ndipo akampakia baiskelini.

Alipona. Lakini mguu wake wa kulia ni mzito hata leo, na kila nimwonapo akipanda kilima naukumbuka ule usiku mmoja tulioungoja upite. Tabibu alimwambia baba maneno machache tu: degedege ile haikuletwa na pepo wala na ndege, ila ni malaria iliyopanda kichwani.

Je, kivumbasi kilitudanganya? Sivyo. Sisi ndio tuliokitwika mzigo usio wake. Mwaka 2002 ilichapishwa habari ya wataalamu waliokijaribu magharibi ya Kenya kwa kuweka vyungu vyenye kivumbasi kibichi penye vibanda wanamolala watu. Mbu walipungua karibu 40 katika kila 100. Ni msaada mwema, wala haupatikani kwa fedha. Lakini hesabu wale 60 waliobaki. Na mmoja tu mwenye ugonjwa amtosha mtoto.

Kwa hiyo nawasihi, akina baba na akina mama. Chandarua chenye dawa kisikae sandukuni. Kitandikwe kila usiku, masika na kiangazi, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku ile ile. Akipewa dawa ya mseto, aimalize yote hata kama homa imekwisha kupungua. Na degedege ikija usiku, msingoje kuche.

Nanyi walimu, wapeni watoto mbegu wapande shuleni, wajifunze kazi ya bustani. Lakini siku ile ile mnapowafundisha kupanda, waulizeni kila mmoja amelala ndani ya nini jana usiku. Kivumbasi na kikae mlangoni, na chandarua kikae kitandani.