Sura ya 5: Makato Yanamwangukia Nani?

Mgeni aliyeshuka Kilimanjaro hulipia hoteli yake Moshi mjini kwa kadi. Apande Marangu, aingie duka la sukari ya kupima, kadi hiyohiyo haimsaidii kitu. Wapo wanaosema wenye maduka wamechelewa kuelimika. Siyo kweli. Wanaijua hesabu yao vizuri.

Malipo ya kadi yanataka akaunti ya benki na mashine, na kila mauzo hukatwa asilimia. Faida ya kilo moja ya sukari ni ndogo mno kubeba makato hayo. Tena fedha ya duka hailali: leo imeingia, kesho alfajiri inashuka mjini kufuata mzigo, na mama aliyeleta mkungu wa ndizi anataka chake papo hapo. Noti huzunguka mikono yote hiyo bila kupungua hata shilingi.

Simu ilipenya pale kadi iliposhindwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008, na watoto walioko Dar es Salaam wakawa wanawatumia fedha wazazi nyumbani kihambani bila kusubiri mtu wa kupanda basi. Lakini gharama haikufutika. Ndiyo maana muuzaji anayelipwa kwa simu husisitiza: "Tuma na ya kutolea." Kinachomuuma ni kuigeuza fedha ya simu kuwa noti. Kama muuzaji wa jumla naye anapokea kwa lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, mwenye duka hana haja ya kwenda kwa wakala kutoa.

Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu. Wananchi walilalamika sana, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Noti haina tozo, na kila mwenye duka analijua hilo.

Utajiri wa nchi hautoshi kueleza jambo hili. Sweden, ambako benki zilianzisha malipo ya simu ya Swish mwaka 2012, maduka mengi hayataki tena noti. Ujerumani, nayo tajiri, bado ina migahawa midogo inayopokea taslimu tu.

Basi anayetaka duka la Marangu liache noti asianze na mahubiri kwa mwenye duka. Aanze na muuzaji wa jumla na mama wa ndizi: wakipokea kwa simu bila kukatwa, duka litafuata lenyewe.