Studio Ndogo ya Picha: Kazi Ambayo Mama Anaweza Kuianza

Ukitembea Tandika, Mtoni kwa Aziz Ali au Mbagala Rangi Tatu, hutakosa kuona kibanda chenye kitambaa cha buluu kilichotundikwa ukutani, stuli moja mbele yake, na ubao unaotangaza picha za paspoti za papo kwa papo. Mara nyingi anayeshika kamera ni kijana wa kiume. Kwa nini asiwe mama?

Tunauliza swali hili kwa sababu akina mama wengi wa Temeke wanatafuta kazi itakayoongeza kipato bila kuwaweka mbali na watoto. Maandazi, genge na saluni zimejaa kila mtaa. Studio ya picha huogopwa, kwa kuwa hudhaniwa ni kazi ya fundi mwenye mtaji mkubwa. Kwa kweli inawezekana kuianza kidogo kidogo. Lakini inafaa pia kusema wazi ni wapi mama anaweza kupoteza fedha za nyumba.

NANI BADO ANALIPIA PICHA?

Zamani filamu moja ilikuwa na picha 36. Mteja alipigwa leo, akasubiri filamu iishe na isafishwe, ndipo akarudi kuchukua picha yake. Leo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Ile picha ya kujifurahisha siku ya sikukuu, ya kusimama kando ya maua ya plastiki, imeihama studio. Usijenge mipango yako juu yake.

Zimebaki kazi za aina tatu. Ya kwanza ni picha za fomu: za shule, benki, maombi ya kazi, pasi ya kusafiria na visa. Ya pili ni shughuli: ubatizo, kipaimara, send-off, ndoa na mahafali. Ya tatu husahauliwa, nayo ni picha ya karatasi. Familia nyingi zina mamia ya picha kwenye simu na hazina hata moja ukutani. Simu ikiibiwa ndani ya daladala, miaka mitatu ya mtoto imekwenda nayo. Wapo pia wanaoleta picha moja iliyochakaa ya marehemu mzazi wao, wakiomba itolewe nakala. Hao ni wateja wako.

WALIOTUTANGULIA

Kazi hii ina historia ndefu katika pwani yetu. Mjini Zanzibar, katika barabara ya Kenyatta, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanawe, Rohit Oza, aliipokea mwaka 1983. Watu walikwenda pale kupigwa picha za kawaida tu, za harusi na za familia. Lakini kwa kuwa negativu zilitunzwa, leo picha hizo zinaonyesha jinsi Zanzibar ilivyokuwa kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964.

Upande wa Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walifanya kazi katika vibanda vidogo vilivyopambwa kwa vitambaa vilivyochorwa meli na ndege. Hawakuwa na majengo. Walikaa mahali ambapo watu wengi hupita.

Tunajifunza mambo mawili: kaa panapopita watu, na tunza ulichopiga.

ANZA NA MAHALI, SI NA KAMERA

Kosa la wanaoanza ni kununua kamera ya gharama kisha kutafuta chumba. Anza kinyume chake. Tafuta mahali karibu na shule, hospitali, benki au ofisi ya kata. Kabla ya kulipa shilingi, kaa karibu na studio iliyopo kwa siku sita na uhesabu wateja wanaoingia. Hesabu hiyo ina maana kuliko ushauri wa jamaa kumi.

Kumbuka kwamba wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni fedha inayolala kabla hujapata mteja hata mmoja. Kama una chumba cha mbele kinachotazama njia, anzia hapo. Kama huna, zungumza na mwenye duka la vifaa vya shule na ofisi akupe kona. Wateja wake wanaokuja kutoa fotokopi za fomu ndio hao hao wanaohitaji picha.

Kamera iliyotumika inatosha, lakini usiinunue kwa kutazama uzuri wa nje. Muulize muuzaji imepiga picha ngapi, kama unavyouliza gari limetembea kilomita ngapi. Elekeza lenzi kwenye mwanga uone kama ina ukungu au nyuzinyuzi kama za utando wa buibui. Huo ni uyoga, na kwa unyevu wa Dar es Salaam utaendelea kukua. Kamera yako ihifadhi ndani ya chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usitumie mchele, una vumbi.

Kabla ya kufungua, jifunze kwa miezi miwili au mitatu katika studio ya mtu mwingine, hata kama hulipwi.

PICHA YA PASPOTI NDIYO MKATE WA KILA SIKU

Wengi huidharau picha ya paspoti. Lakini picha iliyokataliwa ofisini humrudisha mteja kwako akiwa na hasira, amepoteza nauli na pengine nafasi yake. Kwa hiyo kwanza soma fomu yake. Viza ya Marekani hutaka picha ya mraba, milimita 51 kwa 51, nyuma pawe peupe, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu maalumu za kiafya. Nchi nyingi za Ulaya hutaka milimita 35 kwa 45. Fomu za hapa nchini hutofautiana: nyingine husema buluu, nyingine nyeupe. Usikisie.

Mwambie mteja ukweli pia. Anayekwenda kujiandikisha NIDA hupigwa picha huko huko. Usimuuzie asichohitaji. Atakukumbuka kwa hilo.

Katika kupiga, mkalishe mteja mita moja au zaidi kutoka kwenye kitambaa ili kivuli chake kisionekane nyuma. Wewe simama mita moja na nusu hadi mbili mbele yake. Ukimkaribia mno, pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma. Kama huna taa, tumia mwanga wa dirisha au mlango usiopigwa na jua moja kwa moja. Upande wenye giza weka ubao mweupe au shuka jeupe urudishe mwanga usoni. Jua la saa sita lisitumike, huweka weusi chini ya macho.

Jambo jingine ni ngozi yetu. Kitambaa kikiwa cheupe, kamera hudhani picha ina mwanga mwingi, kisha huifanya sura ya mtu kuwa nyeusi kuliko ilivyo. Ongeza mwanga kidogo kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Lakini ukifika kwenye kompyuta, usimng'arishe mtu akawa mweupe. Picha ya fomu lazima imfanane mwenyewe.

Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 huingia picha nane za milimita 35 kwa 45. Ukipanga vizuri hutapoteza karatasi.

MAMA NYUMA YA KAMERA

Temeke ina wakazi wengi Waislamu, na wapo dada na mama zetu wasiopenda kutengeneza mtandio wao mbele ya mwanamume. Studio yenye mpiga picha wa kike, pazia na kioo itawapa utulivu. Kwa picha ya fomu, mtandio wa ibada kwa kawaida hukubaliwa mradi uso wote uonekane, kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso.

Mtoto mchanga naye ni mtihani kwa vijana wengi. Wewe unajua kumbembeleza. Mlaze juu ya shuka jeupe karibu na mlango, umpige kutoka juu, mama yake akiwa ubavuni. Hakikisha mkanda wa kamera umeuzungusha shingoni kabla hujainama.

HESABU YA SIKU

Hapa ndipo biashara nyingi hufia. Tuchukue mfano, nawe uweke bei za mtaani kwako. Tuseme kila mwezi unalipa kodi 100,000, umeme 26,000, ulinzi na taka 10,000, na unaweka 20,000 ya kutengeneza mashine. Jumla ni shilingi 156,000. Ukifanya kazi siku 26, kila siku inadai 6,000.

Tuseme seti moja ya paspoti unaiuza 4,000, na karatasi na wino vinakula 1,000. Zinabaki 3,000. Maana yake wateja wawili wa kwanza kila siku ni wa mwenye nyumba na LUKU. Mteja wa tatu ndiye wako. Ukipata watano kwa siku, unabaki na 9,000, yaani 234,000 kwa mwezi, na humo zitoke leseni, kodi ya serikali na posho yako. Kama katika zile siku sita za kuhesabu uliona wateja watatu tu kwa siku, hamia mahali pengine.

Weka daftari mbili: ya mauzo na ya matumizi. Mtoto akihitaji daftari la shule, andika umechukua kiasi gani, usichomoe tu. Daftari hilo litakusaidia hata TRA, kwa maana mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake halisi. TIN hutolewa bila malipo, na leseni ya biashara utaipata Manispaa ya Temeke. Ukitaka jina la studio liwe lako kisheria, lisajili BRELA.

Kuhusu mtaji, ogopa mikopo ya kausha damu. Mkopo unaodai marejesho kila siku haujali kwamba leo mvua imenyesha Mbagala na hakuna aliyetoka nyumbani. Wengi wameuza friji na makochi, na ndoa zimetikisika, kwa sababu ya mkopo ambao baba hakuambiwa. Zungumza na mwenzako kwanza. Vikoba ni afadhali. Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakueleza masharti. Ni ya kikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa makini, maana deni la mmoja ni la wote.

SURA YA MTU NI AMANA

Mtu akikaa mbele ya kamera yako anakuachia sura yake, mara nyingi na jina na namba ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia, ambako wanaokusanya na kutunza taarifa za watu hutakiwa kujisajili. Lakini hata bila sheria, mama anaelewa jambo hili. Usibandike picha ya bibi harusi ukutani wala kuiweka kwenye simu kutangaza biashara kabla hajakubali, na kwa mtoto muulize mzazi. Kama una kijana msaidizi, asiondoke na picha za wateja ndani ya simu yake. Binti aliyeiona picha yake ikisambaa hatarudi, na mama yake atawaambia wenzake wote kwenye kikoba.

Kila picha iweke mahali pawili: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski inayolala nyumbani. Kompyuta ya studio inaweza kuibiwa au kuungua umeme unaporudi kwa nguvu. Mafaili yape tarehe na jina. Ipo siku mteja atarudi, si kwa ajili ya fomu, bali kwa sababu aliyekuwa naye kwenye picha amefariki, na hana picha nyingine iliyo nzuri kama ile. Ukiweza kuitafuta na kumpa siku hiyo hiyo, utakuwa umefanya kazi ambayo simu yake haikuweza kumfanyia.

Basi, mama mwenzetu, usikimbilie Kariakoo kununua kamera wiki hii. Chukua daftari, nenda ukakae karibu na studio iliyo jirani, na uanze kuhesabu wateja.