Kompresa ya gereji ya nyumbani: angalia haya kabla ya kununua

Unataka kufungua gereji ndogo nyumbani hapa Kidete? Kwanza jiulize kompresa itafanya kazi gani. Kwa kujaza upepo pikipiki na baiskeli, tangi la lita 24 hadi 50 linatosha. Kupiga rangi kunahitaji hewa nyingi mfululizo, hivyo soma kwenye kibao cha mashine inatoa lita ngapi kwa dakika. Ya petroli iwashe nje, moshi wake unaua.

Tangi la mtumba lenye kutu tunashauri uliache hata likiwa bei poa, kwani linaweza kupasuka kama bomu. Hakikisha valvu ya usalama inafanya kazi. Kila jioni punguza upepo, fungua koki ya chini, maji yatoke. Maji hayo ndiyo yanayoleta kutu.