Njia ya msituni Songea: Chombo kinapita, lakini je, unaruhusiwa?

Bodaboda wa Songea anajua njia za msituni kuliko ramani yoyote. Kwake hesabu ni rahisi tu: tairi la mbele likipita, la nyuma nalo litapita. Sheria haiendi hivyo, na mambo yakiharibika, anayeumia sana mara nyingi si mwenye mzigo bali mwenye chombo.

Jambo la kwanza ni kujua msitu ni wa nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Shamba la Miti Wino kule Madaba, kwa mfano, liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Lakini ukivuka kwenda Namtumbo au Tunduru, unaweza kupita kwenye msitu wa kijiji wenye sheria ndogo zake, kamati yake na walinzi wake, bila kuona hata kibao kimoja njiani.

Barabara ya umma inayokatiza msitu haina shida. Hizo ziko chini ya TANROADS au TARURA, na kupita tu hakuhitaji kibali cha misitu. Unachotakiwa kuwa nacho ni kilekile cha mjini: leseni, bima na helmeti. Wengi wanadhani trafiki asipokuwepo na sheria haipo. Ipo.

Shida inaanza unapokata kona. Njia iliyochongwa na trekta la kuvuta magogo si barabara ya umma, hata kama watu wameizoea. Barabara za ndani ya shamba la miti zimetengenezwa kwa kazi za shamba, kwa hiyo ulizia ofisini kwao kabla hujaingia. Na ukifyeka miti ndani ya hifadhi ili chombo kipite, hapo tayari umekata miti bila kibali.

Kwenye mapori ya akiba mambo ni makali zaidi. Pori la Akiba Liparamba, upande wa Nyasa na Mbinga, linaongozwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Huko kuingia bila kibali ni kosa lenyewe, hata kama hujabeba kitu. Anayeachwa ni msafiri anayepita kwenye barabara kuu tu.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokwama.

Mbao, magogo, nguzo, kuni za biashara na mkaa vyote ni mazao ya misitu. Kuvisafirisha kunahitaji hati ya kusafirishia, ile ambayo mtaani inaitwa TP. Hati hiyo inataja mzigo, chombo kinachoubeba na unakokwenda. Maana yake ni kwamba TP ya Fuso la jana haikusaidii wewe leo, na hati ya gunia kumi hailindi gunia la kumi na moja. Magogo na mbao nazo hugongwa nyundo ya serikali, kwa hiyo pale geti la maliasili wanaangalia alama, siyo karatasi peke yake. Kanuni za misitu za mwaka 2004 pia ziliweka zuio la kusafirisha mazao haya kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Unapochukua hati, uliza kabisa mzigo wako unatakiwa kutembea saa ngapi.

Ofisa misitu ana mamlaka ya kusimamisha chombo, kukikagua na kukishikilia. Kesi ikifika mahakamani, chombo chenyewe kinaweza kutaifishwa.

Hebu fikiria kijana mwenye pikipiki ya mkataba. Amepigiwa simu, "njoo unibebee gunia tatu, nakulipa vizuri." Mwenye mkaa hayupo, TP haipo. Pikipiki ikishikwa, mwenye gunia anazima simu, na tajiri bado anataka hesabu yake ya siku. Kwa hiyo kabla hujafunga kamba, omba kuiona hati yenyewe. Maneno ya "ipo kwa bosi" hayatakusaidia getini.

Kwenye msitu wa kijiji, wa kuulizwa kwanza ni mtendaji wa kijiji. Na ukitozwa faini, dai risiti. Faini isiyo na risiti ni hela iliyoingia mfukoni mwa mtu.

Kuna wanaouliza, njia moja ya pikipiki inadhuru nini? Jibu liko Matogoro, milima iliyo mashariki mwa mji, ambako mto Ruvuma unaanzia. Pikipiki zikipanda mteremko kwenye mstari uleule kila siku, nyasi zinakufa na udongo unashindiliwa. Mvua za Novemba zikianza, ule mstari unakuwa mfereji, na msimu ukiisha ni korongo. Tope lote linashuka mtoni, kwa watu wanaochota maji huko chini.

Kiangazi hatari ni nyingine, moto. Bomba la moshi la pikipiki iliyotoka kupanda mlima lina joto la kuunguza mguu, na linaweza kuwasha majani makavu pia. Ukisimama kupumzika, egesha kwenye udongo mtupu, na kichungi cha sigara usikitupe porini.