Safari Ndefu Nyuma ya Kubakwa: Namna ya Kupata Usalama Njiani



Wamama wengi wa Kibombo wanasafiri. Mmoja anapanda gari la moshi kwenda Kindu kuuza mchele na mawese. Mwingine anakwenda kusini, Kongolo, Kabalo, mpaka Kalemie ao Lubumbashi, kumfuata bwana yake, na anakaa kule miezi mingi. Mwingine anatoka Tunda juu ya kinga, anatafuta matunzo. Safari hizi ndizo zinaleta nyumbani chumvi, sabuni na feza ya masomo ya watoto.

Lakini kuna wamama wanaobaki, na si juu ya kukosa feza ya tikiti. Wanabaki juu ya hofu. Walibakwa, ao kama wengi wanavyosema, walishikwa kwa nguvu. Wengine ilikuwa wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, wengine ni nyuma yake. Wengine walitendewa na watu wenye silaha, wengine na jirani ao mtu wa jamaa. Mama wa namna hii anaweza kukosa soko, kukosa matibabu, na hata kukosa kumzika mzazi wake, kwa sababu njia inamtisha. Ni juu yake tunaandika ukurasa huu.

1. HOFU HII INATOKA WAPI?

Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili wa mtu uko vile. Ukipatwa na hatari kubwa, mwili unatunza alama zake: harufu ya pombe, sauti ya viatu, nguo za askari, giza la msitu. Siku nyingine, alama moja tu ikionekana, mwili unapiga kelele kama hatari imerudi. Moyo unakimbia, jasho linatoka, miguu inatetemeka, pumzi inakuwa fupi.

Huo si wazimu. Si uchawi. Tena si ukosefu wa imani. Ni kidonda ambacho hakionekani, na kidonda kinatunzwa.

Safari inaamsha kidonda hiki kwa sababu njiani wengine wanakuamulia mambo. Gari la moshi linachelewa, unalala kati ya watu usiowajua, unasimamishwa kwenye barieri. Yule aliyekubaka alikunyang'anya uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya safari ni hii: uchague mwenyewe kila jambo unaloweza kulichagua, hata likiwa dogo.

2. MBELE YA KUONDOKA

a) Chagua mwenzako wa safari. Awe mtu ambaye moyo wako unatulia ukiwa naye: dada, shangazi, mama mwenzako wa soko. Si lazima ajue habari yako yote. Inatosha kumwambia: "Usiku ninaogopa, usiniache peke yangu."

b) Uache habari nyumbani. Mtu mmoja wa kuaminika ajue unapita wapi, unalala kwa nani, na siku gani atasikia neno lako. Kama una telefone, namba 3 za watu wako uziandike pia kwenye karatasi, kwani moto wa telefone unaweza kuisha.

c) Uulize habari za njia kwa watu waliotoka kule sasa hivi. Hali inabadilika. Kwa mfano, hospitali ya Panzi iliyoko Bukavu inajulikana duniani kwa kuwatunza wamama waliobakwa. Iliundwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, naye alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Lakini kundi la M23 liliingia mji wa Bukavu mwezi wa 2, 2025. Basi mama anayetaka kwenda huko aulize kwanza kwa muuguzi kama njia iko, na kama anaweza kutunzwa karibu zaidi, kule Kindu.

d) Ufunge dawa zako za kutosha, na siku chache za akiba. Dawa ya kuzuia virusi vya sida inamezwa siku 28 bila kuruka hata siku moja. Kama safari inaingia kati ya siku hizo, utuambie mapema.

e) Ubebe tochi, feza kidogo iliyofichwa mbali na ile nyingine, na kitu kimoja cha nyumbani ambacho kinakutuliza, kama kitenge chenye harufu ya nyumba yako.

3. UKIWA NJIANI

Ndani ya gari la moshi ao mtumbwi, tafuta nafasi karibu na wamama wengine na watoto. Ukae mgongo ukiegemea ukuta, na mlango uuone. Usiku mlale kwa zamu: mmoja analala, mwenzake anaangalia. Kwenda haja, mwende wawili wenye tochi.

Kwa pikipiki, upatane bei mbele ya kupanda, na mbele ya watu umwambie mwenzako kwa sauti: "Ninakwenda na huyu." Kama dereva anaacha njia unayoijua, ao moyo wako unakataa, sema, "Simama, ninashuka." Haki ya kushuka unayo. Usione haya. Afazali kupoteza feza ya njia.

Kwenye barieri, karata yako iwe karibu na mkono. Mpite pamoja, si mmoja mmoja.

Lakini uelewe vizuri: shauri hizi si kusema kwamba ulibakwa kwa sababu hukujilinda. Kosa ni la aliyebaka, siku ile na siku zote.

4. HOFU IKIKUKAMATA

Usipigane nayo. Fanya hivi:

- Kanyaga chini miguu yote miwili, usikie udongo ao ubao wa gari.
- Vuta pumzi polepole ukihesabu mpaka 4, kisha itoe ukihesabu mpaka 6. Rudilia mara 10.
- Taja kwa sauti ndogo vitu 5 unavyoviona: kikapu, kuku, dirisha, mtoto, mlima.
- Jiambie jina lako, siku ya leo, na pahali ulipo: "Leo ni siku ya tatu. Niko Kongolo, kwenye stasio. Ile ilipita. Sasa niko na dada yangu."

Kwa njia hii mwili unajifunza kwamba ung'ongo ni ung'ongo, si nyoka. Zoea kufanya hivyo nyumbani kila jioni, ili siku ya safari usianze kujifunza.

5. UKIFIKA NA KUKAA MIEZI MINGI

Siku ya kwanza, mchana, jua nyumba: mlango unafungwa namna gani, choo kiko wapi, nani analala wapi. Ukiona kilalo hakikufai, omba kingine. Tafuta mapema vitu vitatu: sentre ya afya, mama mmoja wa kusema naye, na kazi ya kila siku. Kumnyonyesha mtoto, kupika, kuimba na wamama kanisani, kulima: kazi zenye saa yake zinatuliza kichwa.

Watu wakiuliza habari yako, unaweza kusema kidogo, ao kunyamaza. Habari hiyo ni yako.

Lakini kama unapita mwezi mzima bila kulala vizuri, ao unakunywa pombe ili usahau, ao mawazo ya kufa yanakuja, usingoje kurudi Kibombo. Uende kwa muuguzi wa pale ulipo, siku ileile.

6. KAMA UBAYA UNATOKEA NJIANI

Fika sentre ya afya ao hospitali haraka, mbele ya saa 72, ni kusema siku 3. Katika saa hizo dawa ya kuzuia virusi vya sida inaweza kusaidia, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku 5. Nguo usizifue, uzifunge ndani ya karatasi. Hata kama umekwisha kuoga, uje. Hata kama siku hizo zimepita, uje: magonjwa mengine yanatibika, na vidonda vinatunzwa.

Matunzo hayangoji polisi. Ukitaka kushitaki, sheria za Kongo za tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 zinaazibu kubaka, na kulipa faini hakumalizi kesi hiyo.

7. NENO KWA BWANA NA JAMAA

Baba, usimlazimishe kusafiri akiwa anatetemeka. Lakini usimfungie nyumbani pia kama mfungwa ukifikiri unamlinda. Muulize: "Wewe unataka tufanye namna gani?" Kisha fanya alivyosema. Anza naye safari fupi, mpaka soko, mpaka kijiji cha pili, mbele ya ile ndefu.

KUMBUKA

- Hofu ni kidonda, na kidonda kinatunzwa.
- Chagua mwenzako, nafasi yako, na wakati wa kushuka.
- Pumzi, miguu, vitu vitano, siku ya leo.
- Saa 72.

Mama, siku ya kupima watoto, ukitaka msaada, si lazima ueleze mbele ya wengine. Mwambie muuguzi neno hili tu: "Ninataka kusema na wewe pembeni." Ataelewa.